Kusomea Mifugo Siyo Kupoteza Muda

(Mazungumzo kwa wazazi wanakisomo wa Mbeya na Iringa)



Leo tuzungumze juu ya watoto wetu na mifugo yetu. Wazazi wengi husema hivi: "Mtoto aende chuo kikuu kusomea ng'ombe? Ng'ombe si wapo hapa nyumbani? Kuchunga nimemfundisha mwenyewe!" Maneno hayo humvunja moyo mtoto anayependa elimu hiyo. Basi tuyachunguze.

Kuchunga ni kazi moja. Kumjua mnyama ni kazi nyingine. Chukueni ng'ombe wa maziwa wa kule Rungwe, anayefugwa bandani na kukatiwa mabingobingo. Akipata joto asipandishwe, mtangoja siku 21 hivi ndipo apate joto tena. Siku zote hizo anakula tu. Akishika mimba, hubeba miezi 9 na siku chache. Miezi 2 kabla ya kuzaa inafaa aachwe kukamuliwa, apumzike. Asipopumzika, maziwa ya uzao unaofuata hupungua. Je, ni wangapi kati yetu tunaoandika tarehe hizo?

Sayansi ya wanyama ni elimu ya mambo hayo. Mwanafunzi hujifunza kulisha, kuzalisha, kuchagua mbegu bora, kujenga banda, na kutunza maziwa, nyama na mayai. Siyo sawa na udaktari wa mifugo. Daktari hukinga na kutibu magonjwa, kama ndigana kali inayoletwa na kupe. Huyu mwingine huhakikisha mnyama anakula vizuri, anazaa vizuri, na anamlipa mfugaji.

Elimu hiyo hutolewa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1984. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki mwaka huo huo. Digrii ya sayansi ya wanyama huchukua miaka 3. Udaktari wa mifugo huchukua miaka 5. Mtoto anayetoka kidato cha sita awe amefaulu masomo ya sayansi, hasa Biolojia na Kemia. Asiyefika huko asikate tamaa. Vipo vyuo vya mifugo vya cheti na diploma, kama kile cha Madaba, mkoani Ruvuma. Akifaulu vizuri anaweza kuendelea mpaka digrii.

Akimaliza, atafanya kazi gani? Anaweza kuwa afisa mifugo katika halmashauri. Anaweza kufanya utafiti, kama unaofanyika Uyole, Mbeya. Anaweza kufanya kazi katika viwanda vya maziwa, kama kile cha Iringa, au vya chakula cha mifugo. Anaweza kufundisha. Tuseme kweli: ajira za serikali haziwatoshi wote. Lakini elimu hii haimwachi mtu mikono mitupu. Anaweza kufuga mwenyewe na kuwashauri wafugaji wenzake.

Tena kuna jambo la mabinti. Hapa kwetu nani anakata majani ya ng'ombe? Nani anakamua? Mara nyingi ni mama na binti yake. Lakini binti huyo akichagua Kemia, tunamwambia hilo ni somo la wavulana. Haki iko wapi? Mwacheni asome.

Na sisi wazazi tuanze leo. Nunua daftari moja. Andika jina la ng'ombe, tarehe ya kupandishwa, na tarehe ya kuzaa. Andika lita za asubuhi na za jioni. Mwite mtoto akusaidie kujumlisha kila mwisho wa mwezi. Kwa njia hiyo kusoma na kuandika hakutakupotea. Utajua ng'ombe yupi ana faida na yupi anakula bure. Naye mtoto atakuwa ameanza somo lake la kwanza la sayansi ya wanyama, hapo hapo bandani kwako.

Ndugu zangu, elimu haina mwisho.