Mtihani Bila Kitabu

Kijana wa Kasese au Bwera anapokwenda Kampala kusomea sheria, hukuta mzigo mzito ukimngoja: Katiba ya mwaka 1995, sheria za makosa ya jinai, sheria ya ushahidi, na hukumu nyingi za mahakama. Siku ya mtihani usioruhusu vitabu, huingia chumbani na kalamu yake tu. Wako wanaokesha wakikariri kama kasuku. Asubuhi neno moja likiwaponyoka, ukurasa mzima huporomoka.

Ndugu askari wanaijua njia iliyo bora. Kuruta hafundishwi bunduki kwa kuitazama. Huifungua kipande kwa kipande, akajua kazi ya kila kimoja, kisha akaiunganisha tena, hata gizani. Sheria nayo ifunguliwe hivyo. Wizi, kwa sheria ya Uganda, ni kuchukua kitu kinachoweza kuibwa, kwa udanganyifu, na bila dai la haki. Mwanafunzi avitaje vipande hivyo, afunge kitabu, aviandike, kisha amweleze mwenzake. Akikwama, ndipo arudi kitabuni. Akisahau kipande cha mwisho, atapoteza alama. Polisi akikisahau katika soko la Bwera, atamtia ndani mtu aliyechukua mbuzi akiamini kwa dhati kuwa ni wake.

Kwa hiyo jambo hili si la wanachuo peke yao. Askari aliye zamu mpakani Mpondwe hufanya mtihani bila kitabu kila siku. Ibara ya 23 ya Katiba yaagiza kwamba anayekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili. Na mshukiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 48. Mpakani hapo lugha hiyo yaweza kuwa Lhukonzo au Kiswahili. Aliyekariri maneno ya Kiingereza bila kuyaelewa atakuwa bubu wakati wa kueleza.

Mwanafunzi akishindwa, aghalabu huweza kurudia mtihani. Askari akishindwa, anayelipa ni raia aliyefungiwa, na saa alizopotezewa hazirudi. Basi kila askari na aijue sheria kama aijuavyo silaha yake: kila kipande na kazi yake.