Polisi akifika masomoni, anafuata nini?

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya wanachama na wafadhili)



Wengi wenu mulirudi toka Lugufu na Nyarugusu na watoto wasiojua mtu hapa. Mtoto kama huyo akiona polisi kwenye mlango wa kalasi, anakimbia. Na haogopi bure: kuna mahali direktere anaita polisi juu ya watoto ambao hawajalipa, ama juu ya wale waliopigana wakati wa mapumziko.

Hiyo si kazi ya polisi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni bure, na tangu 2019 serikali ilianza kufuata. Hata kule sekondari ambako watu wanalipa, kifungu cha 17 kinasema kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe. Deni ya mzazi haifungi mtoto. Na wale waliopigana? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inasema mwenye chini ya miaka 14 hashtakiwi. Aliyepita hapo ni wa hakimu wa watoto, hapana wa kutupwa buloko.

Lakini tusiseme polisi hana kazi masomoni. Iko, tena kubwa. Mwalimu akimnajisi mwanafunzi, mara ngapi mambo yanamalizwa kwa mbuzi mbele ya chefu? Kwa sheria ya Julai 2006, hata faini inayolipwa polisi haimalizi kesi ya namna hiyo, sembuse mbuzi! Hapo ndipo polisi anapashwa kufika mbio. Mwite ile polisi maalum ya kulinda watoto na wanawake, hao ndio walipewa kazi hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wazazi: kila kamati ya masomo ichague mama mmoja na baba mmoja. Direktere aongee nao kwanza mbele ya kuita polisi, isipokuwa mtoto yuko hatarini.

Wafadhili: madaftari ni mazuri, tunashukuru. Lakini mtoto aliyenajisiwa anapashwa kuanza dawa ya kukinga ukimwi ndani ya masaa 72, na toka vijijini mpaka hospitali ni mbali. Mutusaidie kwanza na nauli ya pikipiki.