Askofu Josiah Kibira: Mume na Baba

Ng'ambo ya ziwa hili, pande za Bukoba, alizaliwa Josiah Kibira mwaka 1925. Mwaka 1964 akawa askofu. Mwaka 1977, mjini Dar es Salaam, akachaguliwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Alishika wadhifa huo hadi 1984, akafariki mwaka 1988, akiwa ameugua maradhi ya Parkinson.

Maradhi hayo hayatambui cheo. Mwili ukinyong'onyea, askofu hubaki mume wa Martha na baba wa watoto wake. Basi Usharika unapowahesabu watumishi wake wa miaka 100, uzihesabu pia nyumba zilizowatoa, zikawapokea tena walipochoka.