NGITILI NA BWANA MISITU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bariadi)



Nimetakiwa niseme habari za misitu na Serikali. Najua mtu akisikia Bwana Misitu, jambo la kwanza analowaza ni kizuizi cha barabarani na gunia la mkaa lililokamatwa. Basi tuanze mbali kidogo.

Wajerumani walitunga sheria ya misitu mwaka 1904, na Waingereza wakaanzisha Idara ya Misitu mwaka 1921, makao yake Lushoto. Huko milimani mkoloni alisema: usikate! Hapa Usukuma alisema: kata! Tangu miaka ya 1920 Bwana Swynnerton aliongoza maelfu ya watu kufyeka mapori ili mbung'o afe. Mbung'o alipungua, hatukatai, na ng'ombe wakapata malisho. Lakini nyuma yake likaja jembe la pamba, na miti mingine ikakatwa ili kwelea kwelea wakose viota. Kisha katika miaka ya 1970 sisi wenyewe, wala si mkoloni, tuliwahamishia watu vijijini, na ngitili nyingi zikaachwa bila mwenyewe. Yafaa tuliseme hilo waziwazi.

Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Mabwana wa HASHI walianza kwa vitalu vya miche, na kazi haikwenda mbali. Ndipo walipofanya jambo ambalo maofisa hulifanya mara chache: waliwauliza wazee. Wazee wakajibu kwamba dawa ipo, ni ngitili. Mvua zikianza, sehemu ya malisho hufungwa, nyasi hukua, visiki huchipua, na kiangazi kikikaza ndipo ng'ombe hufunguliwa. Dagashida ikatoa amri, sungusungu wakazilinda, na aliyevunja akatozwa. Hekta zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilikadiriwa kuwa zaidi ya 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tangu mwaka 2010 tuna Wakala wa Huduma za Misitu, ambao hutunza misitu ya Serikali Kuu, mashamba ya miti na nyuki. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini ngitili si msitu wa Wakala. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuweka sheria ndogo na kupokea ushuru wake. Mwenye ngitili akianza kuogopa kwamba miti ikikua itachukuliwa na Serikali, ataing'oa mapema alime pamba, wala sitamlaumu. Naye Bwana Misitu atabaki akilinda vumbi.

Kwa hiyo naomba kila tawi lipeleke hoja hii katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mvua: mipaka ya ngitili ipimwe, iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi, na za wajane zisisahauliwe, maana ndizo humegwa kwanza na majirani. Bwana Misitu aalikwe. Akae kwenye benchi pamoja nasi, asikilize wazee kwanza, kisha apewe nafasi ya kusema.

Sasa nasubiri maswali yenu.