Kihenge Kimejaa, Mtoto Amedumaa

Maneno ya karani mmoja mbele ya wazee, walimu na akina mama wa Ufipa

Nimepewa nafasi ya kusema habari za chakula, na najua ya kwamba wengine mmeshangaa: karani ana nini na vyungu vya watu? Kazi yangu ni vitabu. Lakini ni vitabu hivyo hivyo vilivyonileta hapa, kwa kuwa mna hesabu mbili ndani yake zisizopatana, na karani akiona hesabu zisizopatana hapati usingizi.

Hesabu ya kwanza ni ya magunia. Kila mwaka, mavuno yakianza, malori hupanda Ufipa kutafuta mahindi na maharage. Huenda Laela, huenda Mpui, Matai na Namanyere, na kila yaendako hayarudi matupu. Mkoa wetu wa Rukwa umehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa michache inayoilisha Tanzania. Hesabu ya pili ni ya watoto. Serikali huwapima watoto walio chini ya miaka mitano, ikalinganisha kimo chao na umri wao, ili ijulikane ni wangapi waliodumaa. Katika kipimo cha mwaka 2015 na 2016, kila watoto 100 wa Rukwa, 56 walikuwa wamedumaa, hali ya kuwa katika nchi nzima walikuwa 34. Hapakuwa na mkoa uliotushinda kwa ubaya. Kipimo cha mwaka 2022 kilionyesha ya kwamba sisi tumeshuka mpaka karibu 50, na nchi nzima mpaka 30. Mwaka huo Iringa ilitupita kwa ubaya, na Njombe ilikuwa sawasawa nasi. Nazo ni nchi za mahindi kama yetu. Basi njaa hii si njaa ya kukosa mvua.

Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Mwenye kimo kidogo alichorithi kwa wazazi wake anaweza kuwa mzima kabisa, na mimi mwenyewe si mrefu. Aliyedumaa ni yule ambaye mwili wake ulitaka kukua ukanyimwa, na mwili uliponyimwa ubongo nao ulinyimwa. Jambo hili hutendeka mapema sana, tangu mimba ikiingia mpaka mtoto atimize miaka miwili, yaani siku 1,000 hivi. Baada ya hapo mtamlisha, naye atanenepa, lakini sehemu kubwa ya kilichopotea hakirudi. Walimu mnamjua mtoto huyu. Mnampata darasani akiwa na miaka minane, mnamwita mvivu wa kufikiri, mnampa adhabu. Hana kosa, aliadhibiwa kabla hajajua kusema.

Na nyumbani huulizwa swali jingine: ni nani aliyemfanyizia? Wazee wangu, mji wetu mkubwa unaitwa Sumbawanga, na kila Mfipa ajua ya kuwa maana yake ni kuutupa uchawi. Twalitamka jina hilo kila siku, kisha mtoto asipokua twaenda kwa mganga kuuliza jina la jirani.

Nami nauliza jambo lililo karibu zaidi: chakula kilikwenda wapi? Sehemu moja ilikwenda na lori. Sehemu ya pili ilikwenda mashineni, ikakobolewa ikawa sembe nyeupe ya kupendeza macho, na ile ganda na kiini chenye nguvu tukawapa kuku na nguruwe. Nguruwe wetu wana siha njema. Sehemu ya tatu ilikwenda katika chungu cha pombe, nami nitarudi kuisema. Lakini kwanza natazama kile kidogo kilichosalia, ambacho kiliingia sahanini, kwa maana hapo ndipo tunapojifunua.

Baba hukaa barazani na wageni wake. Huletewa ugali, na kitoweo chote chema: nyama kama ipo, samaki wa Ziwa Rukwa, dagaa wa Tanganyika, mayai akiwa na mgeni mheshimiwa. Vijana wakubwa hufuata. Mama hula jikoni na wadogo, na mdogo kabisa, mwenye mkono mfupi na meno manne, hushindana na ndugu zake katika bakuli moja. Akiambulia mchuzi amebahatika. Nasi twasema kwamba amekula, kwa sababu alikuwapo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari inayofanana na hii. Walipokutanika kula, waliokuwa na chakula walitangulia kula chao. Huyu akabaki na njaa, na yule akawa amelewa. Paulo hakuwaambia ya kwamba ni neno dogo la desturi za mezani. Aliwaambia kwamba kwa kula namna hiyo wanalidharau kanisa la Mungu. Mimi nimeisikia sura hiyo ikisomwa tangu utoto wangu, na siku zote nilidhani ni habari za watu wa mbali.

Sasa neno la kiasi. Sisi Wakristo tuna mfungo wetu wa Kwaresima. Tazameni unaangukia wakati gani: Februari na Machi, na mara nyingine mpaka Aprili. Hapa Ufipa hiyo ni miezi ya mvua na ya jembe. Vihenge vimepungua na mahindi mapya bado. Kufunga wakati huo ni vema, nami nafunga. Lakini tuseme kweli: mwenye kihenge kitupu hufunga apende asipende. Mwezi unaotujaribu ni Julai. Kihenge kimejaa, mnunuzi yuko mlangoni na fedha mkononi, na pombe inachemka katika kila kitongoji. Hapo ndipo ninapomtafuta Mkristo mwenye kiasi, wala simwoni upesi. Mimi mwenyewe sikuwa mmoja wao. Mwaka mmoja niliuza maharage yangu yote nipate bati za nyumba, na mwezi wa Februari nikanunua maharage debe kwa debe kwa bei iliyozidi sana ile niliyouzia. Mke wangu hakusema neno. Alipika akaniwekea.

Yusufu alipomweleza Farao ndoto zake, alimshauri kuweka akiba sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Hakungoja njaa ifike ndipo ahubiri kiasi. Basi nataka tufanye vivyo hivyo nyumbani. Kabla lori halijafika, kabla chungu hakijainjikwa, kitengwe kihenge kidogo, nacho kiwe cha mtoto na cha mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Ndani yake yawekwe ulezi, maharage na karanga. Kisiuzwe kwa harusi, kisiuzwe kwa matanga, kisiguswe kwa pombe. Na ufunguo wake akae nao mama. Najua ya kuwa neno hili la mwisho litaniletea maneno, lakini Yusufu naye hakuwa mwenye nyumba, na Farao alimpa pete yake.

Kwa nini ulezi? Kwa sababu babu zetu waliujua kabla mahindi hayajatawala nchi hii. Walifanya matuta ya duara ya ntumba, wakafukia majani ndani yake yaoze, wakapanda kunde na maharage juu yake, na mvua nyingine zikija wakayatawanya wakapanda ulezi. Shamba lilijilisha lenyewe, na sahani ikapata nafaka na jamii ya kunde pamoja. Wataalamu wa siku hizi wamepima wakaona ulezi una madini ya mifupa zaidi ya mara kumi kuliko mahindi. Hao wazee hawakuwa na mizani hiyo.

Habari ya pombe. Sisemi kwamba kila anywaye amepotea. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na wazee walikuwa na sababu zao za kuwapa pombe watu waliokuja kulima nao. Lakini nifanye hesabu moja, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Debe la ulezi lina kilo 15 na zaidi kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja tukimpa gramu 100 za unga kwa siku, debe moja litamtosha siku 150, yaani miezi mitano. Debe hilo hilo likipikwa pombe huisha jioni moja, na asubuhi halionekani ila katika vichwa vya watu. Na mwanamke mwenye mimba asinywe kabisa, hata kidogo, maana anachokunywa humfikia mtoto tumboni. Wala mtoto asionjeshwe ili alale. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Katika kazi hiyo ya pombe, hata hivyo, mna elimu kubwa ambayo mama zetu wanayo tayari, nayo ni kimea. Sikilizeni vema hapa. Uji wa mtoto una taabu moja: ukiwa mzito hawezi kuumeza, ukiwa mwepesi ni maji matupu, tumbo lake dogo hujaa kabla hajashiba. Kimea huondoa taabu hiyo. Osha ulezi, uloweke usiku kucha, uutandaze mahali penye unyevu na kivuli siku mbili au tatu mpaka uchipuke, uanike juani ukauke, kisha usage. Pika uji mzito wa dona au wa ulezi pamoja na karanga zilizosagwa. Uepue, ungoje upungue moto, utie kijiko cha unga wa kimea, ukoroge. Uji utalegea machoni pako bila kuongezwa maji, na chakula chote kitakuwa kimebaki ndani yake. Halafu urudishe motoni uchemke tena kidogo, ili vijidudu vife. Usitumie kimea cha mtama kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu. Jambo hili si geni: Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa nchi hii walikichunguza kimea hicho kwa ajili ya uji wa watoto. Mama mpishi wa pombe alikuwa akilijua tangu zamani, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni dawa.

Mtoto apewe maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, ndipo uji huo uanze, na maziwa yaendelee mpaka miaka miwili. Yai nalo ni lake. Mahali pengi katika Tanzania husemwa kwamba mwanamke mwenye mimba akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Petro pale Yopa alikataa vyakula alivyoonyeshwa, akaambiwa asiviite najisi alivyovitakasa Mungu. Sasa sisi twakiita kibaya chakula chema kuliko vyote vilivyo uani, kisha twakiuza tununue soda. Kwa habari ya mfungo, mapadre wamefundisha siku zote ya kuwa watoto, wenye mimba na wanaonyonyesha hawafungwi na sheria ya kufunga. Mama asijione mtakatifu kwa kuinyima mimba yake.

Neno moja kwa wanaume wenzangu. Mama anayetoka alfajiri kwenda shamba, akarudi na kuni kichwani, kisha akaenda kisimani, atampikia mtoto saa ngapi? Mtoto mdogo hutaka kula mara nne au tano kwa siku. Huachwa na dada yake wa miaka saba na kiporo cha ugali. Mwanamume akichota maji siku mbili katika juma hatapungua kitu, na akichimba choo cha shimo atakuwa amezuia kuhara, ambako hunyang'anya mwili chakula kilichokwisha kuingia.

Wengine husema kwamba mambo haya ni ya mwili, na kanisa ni la roho. Wamisionari wa Afrika, tuliowaita Mapadre Weupe, walifika Karema mwaka 1885. Miaka minne baadaye alifika huko Adriani Atiman, mwana wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta. Alikaa Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956, miaka 67, naye alikuwa mganga na katekista kwa pamoja. Hakutenga saa ya mwili na saa ya roho.

Nimeleta kopo la unga wa kimea, na Mwalimu Mkuu ametupa ruhusa ya jiko la shule. Mama wawili wanapika sasa hivi masufuria mawili ya uji mzito, moja litatiwa kimea na moja halitatiwa, mje mtazame tofauti kwa macho yenu. Bakuli zipo. Wazee wangu, mniwie radhi: leo wadogo wataonja kwanza, na sisi tutangoja hapa barazani mpaka tuitwe.