Mchochezi na Moto Wake



Kitenzi cha Kiingereza “foment” leo maana yake kuu ni kuchochea fitina na ghasia. Asili yake, hata hivyo, ni tiba. Kwa Kilatini “fovere” ni kupasha joto, na “fomentum” ni dawa ya kukandia. Kiingereza kilikipokea kitenzi hicho kwa maana ya kukanda kiungo kinachouma kwa maji moto. Maana ya uchochezi ilifuata baadaye.

Neno letu “kuchochea” nalo limetoka jikoni: ni kusukuma kuni ili moto ukolee. Moto huo hupika chakula, na huweza kuunguza nyumba. Basi mtumishi aulizaye swali kikaoni asiitwe mchochezi kwa haraka. Hapana budi kwanza itazamwe kazi ya moto wake: je, unakanda, unapika, au unateketeza?