Pikapu Inapolia: Mazungumzo kwa Madereva na Mafundi



Pikapu ya zamani ya Land Cruiser, iliyobeba chanjo au mgonjwa kwenye barabara ya mawe, mara nyingi hulia kabla ya kukwama. Swali la kwanza ni hili: inalia wakati gani?

Ikigonga inapotolewa gia ya mbele na kutiwa rivasi, huenda krosi za propela zimelika. Injini izimwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe, kisha propela itikiswe. Krosi iliyolegea ibadilishwe kabla ya safari. Ikikatika upande wa mbele, propela yaweza kuanguka na kuchimba barabara gari likiwa mbioni.

Ikilia ta-ta-ta inapokata kona huku magurudumu yote manne yakivuta, jointi za ekseli ya mbele zikaguliwe. Mvumo unaobadilika dereva akikanyaga na kuachilia mafuta waelekeza kwenye difu: oili ipimwe, vipande vya chuma vitafutwe ndani yake. Mvumo unaozidi gari likipinda upande mmoja ni dalili ya beringi ya gurudumu.

Usukani ukikaza kwenye lami magurudumu yote yakivuta, huo si ugonjwa. Pikapu hii haina difu ya katikati; gia hiyo ni ya tope na mchanga.

Dereva aandike kwenye kitabu cha gari: sauti gani, mwendo gani, gia gani. "Gari linalia" pekee halimsaidii fundi.